Mkalimani wa Mwanaanga

Kostansia alikulia katika kambi ya wakimbizi huko Kigoma. Alipofika Louisville, Marekani, alipata kazi katika kitongoji cha Jeffersontown, kwenye ghala la vipuri vya magari, na kwa miaka tisa akawa anabandika lebo kwenye maboksi. Alikuwa na sauti ndogo. Hata kanisani akiombwa kusoma somo, alimsukumia mwenzake.

Mwaka jana mwanaanga mstaafu, Bi Paulette Drummond, alialikwa kuzungumza na wakazi wa mtaa wa Newburg, wengi wao wakimbizi kama Kostansia. Aliwahi kukaa angani miezi sita, na tangu astaafu alikuwa akizunguka miji akisimulia safari yake. Siku hiyo mkalimani wa Kiswahili hakutokea. Mchungaji Ruhimbika, wa kanisa la kina Kostansia, akaangaza macho ukumbini, akamwona yeye, aliyejua Kiingereza.

"Dada, njoo utusaidie."

Hakuwa na pa kujificha. Alisimama, akatafsiri, na mambo yakaenda vizuri mpaka Mama Nyirangabo, bibi mmoja kutoka Kivu, Kongo, alipoinua mkono na kuuliza kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kifaransa.

"Umuulize, donc, kule juu alikuwa anaenda ku choo namna gani?"

Kostansia aliona aibu. Akamwambia mgeni kwamba mama anauliza chakula cha angani kilikuwaje. Watoto waliokaa mbele wakapiga kelele kwa Kiingereza kwamba hakuuliza hivyo, wakalitoa swali lenyewe kama lilivyo.

Bi Drummond alicheka mpaka akashika kiti. Kisha akajibu yote: mikanda ya kujifunga usielee, bomba linalovuta kwa hewa, hata mkojo unavyosafishwa ukawa maji ya kunywa. Kostansia alitafsiri huku jasho likimtoka.

"Bon," akasema Mama Nyirangabo, "chai ya kule sitakunywa."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na baada ya hapo maswali hayakukatika.

Walipokuwa wanaagana, mwanaanga alimshika Kostansia mkono. "Niliporudi duniani nilidhani kazi yangu imekwisha. Kumbe hii ya kujibu watu ndiyo kubwa zaidi. Wakiniogopa, hawaulizi. Kwa hiyo usiwapunguzie maswali yao." Akamwomba waende pamoja mji wa Columbus mwezi uliofuata. Huko Kostansia hakuruka hata neno.

Januari ikawa zamu ya mji wa Buffalo. Kostansia alitangulia kwa basi. Ndege ya Bi Drummond ikacheleweshwa na theluji, na ukumbi wa kanisa katika mtaa wa Riverside ulikuwa umeshajaa. Mwenyeji wao, Bwana Gakunzi, akataka kuwaambia watu warudi nyumbani.

"Waache wakae," alisema Kostansia. "Nitaanza mimi."

Akasimama mbele yao, akaanza. Akawasimulia jinsi roketi inavyombana mtu kifuani ikipaa, na jinsi jua linavyochomoza huko angani mara kumi na sita kwa siku moja. Walipouliza, alijibu. Asichokijua alisema hakijui.

Saa nzima ikapita. Bi Drummond akaingia, theluji mabegani. Gakunzi aliinuka ampeleke mbele, lakini mama huyo akakataa, akavuta kiti cha nyuma kabisa.

"Anasema nini sasa?" akanong'ona.

"Anawarudisha duniani," alijibu Gakunzi. "Subiri kidogo, hapa ndipo patamu."

Kostansia bado yuko ghalani siku za kazi. Ila Jumamosi zake zimeshikwa na mikutano ya namna hii, na mwezi ujao shule moja ya Columbus imemwalika, safari hii peke yake.