Daktari wa Mito na Miti Yetu ya Kipaimara

Nilipokuwa kijana, bado sijaoa, kulikuwa na dereva mmoja wa lori aliyekuwa akitupandisha kutoka Himo msimu wa mavuno. Sisi watu wa mlimani tulikuwa na vishamba vyetu vya mahindi huko chini tambarare. Mahindi yakikauka tunashuka familia nzima, tunavuna, tunapakia, halafu tunakaa juu ya magunia tukiimba hadi nyumbani. Sasa dereva huyu alikuwa na tabia iliyowakera watu wote. Katikati ya safari, hakuna kituo, hakuna abiria, anasimamisha gari, anazima injini, anashuka, anachuchumaa karibu na gurudumu na kutega sikio. Akina mama huko juu wanaanza: "Wewe dereva, unachimba dawa mara ngapi kwa safari moja?" Mwingine anadakia, "Mwacheni, anaongea na mchumba wake." Yeye hajibu, anainua mkono tu tunyamaze. Siku moja, kabla hatujaanza kupanda mlima wenyewe, alisimama hivyo hivyo, akaingia uvunguni, akatoka na kutuambia tushuke wote, pamoja na watoto na kuku. Nati za gurudumu la nyuma zilikuwa zimelegea, zimebaki kidogo zitoke. Hakuna aliyecheka. Yule mama wa maneno ya mchumba ndiye aliyemshikia spana.

Mtauliza lori linahusu nini. Ninyi mnaonisoma mara kwa mara mmeshanizoea. Shule niliishia darasa la nne, na hayo ya kuanza mambo kwa utaratibu naona yalikuwa yanafundishwa darasa la tano. Ninachotaka kusema ni kwamba katika maisha yangu nimewafahamu watu wawili tu walioweza kusimama na kusikiliza huku wanadhihakiwa. Yule dereva alikufa zamani. Wa pili amefariki wiki iliyopita, na habari zake nililetewa na binti yake kwa simu, nikiwa nimeshika panga nakata majani ya ng'ombe. Binti akaniambia, "Shikamoo babu. Baba ametutoka." Nikauliza, ametutokaje? Akasema, "Alikunywa chai, akasema anajilaza kidogo. Basi." Nikakaa chini pale pale kwenye majani, na sitawaficha, nilishusha pumzi. Msinielewe vibaya. Alikuwa ameumwa muda mrefu, na niliambiwa kuna siku hata kujigeuza kitandani alihitaji mtu. Nilikuwa nikiogopa simu ile ingekuja na maneno mengine. Mtu akiondoka na ladha ya chai mdomoni, mimi nasema Mungu amemtendea vizuri.

Alikuwa mtaalamu wa mambo ya maji na ardhi. Kazi yake yote ilikuwa kuangalia mtu akibadilisha shamba huku juu, mto huko chini unafanywa nini. Ukikata msitu ukaweka kahawa, mto unasemaje. Uking'oa kahawa ukaweka nyanya, unasemaje. Ukijenga nyumba juu ya nyumba mpaka migomba inakosa pa kusimama, unasemaje. Yeye mwenyewe alizaliwa chini huko kwenye mashamba ya miwa, wazazi wake walikuja kutoka mkoa mwingine kutafuta kazi. Aliniambia kwamba utotoni aliyaona maji ya mlimani yakifika kwao, mwaka huu mengi, mwaka ujao kidogo, na hakuna mtu mzima aliyeweza kumwambia kwa nini. Basi akasoma mpaka akawa daktari. Hapo ndipo tulipomkosea kwanza. Tuliposikia huku kwetu Uru tumepata daktari, kina bibi walijipanga. Mmoja akamfunulia goti. "Daktari, hili linanisumbua tangu masika."

"Shikamoo mama. Mimi ni daktari wa mito."

"Marahaba. Basi huna kazi hapa, mto wetu umeshakufa. Ungekuja ukiwa bado mgonjwa tu."

Hata yeye alicheka. Kisha akakunja suruali, akaingia kwenye mto huo uliokufa akiwa na kichujio kama cha jikoni, akaanza kupindua mawe na kuokota wadudu. Watu walisimama kwenye kingo kumtazama. Profesa mzima, mvi kichwani, anafukuza wadudu kama mtoto aliyetoroka shule! Akatuonyesha kamdudu kembamba kenye mikia mitatu, akasema haka kakiwepo maji bado yana uhai, na mahali kanapokosekana tujue tumemwaga kitu au tumeondoa kitu. Mimi niliishi na wadudu wale miaka yote hiyo na sikujua kama walikuwa na la kusema.

Lakini kitu kilichomfanya akae kwetu hakikuwa wadudu, kilikuwa ugomvi. Sisi tunatumia mfongo, yaani ule mfereji waliochimba mababu kutoa maji kwenye chemchemi na kuyapitisha ubavuni mwa mlima hadi kwenye vihamba vyetu, mashamba haya ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba. Maji ni ya zamu. Leo wewe, kesho jirani, na anayefungua siku isiyo yake anaitwa mwizi, neno ambalo kwetu halifutiki haraka. Sasa maji yakaanza kupungua. Kiangazi kimoja yakawa hayafiki nyumba za chini, kilichofuata yakawa hayafiki hata katikati. Wa kwanza kwenye mfongo, karibu kabisa na chemchemi, alikuwa shemeji yangu, mjane wa marehemu kaka yangu. Na kwa bahati mbaya yake, migomba yake ilikuwa ya kijani wakati ya wengine imekunja majani. Mnajua macho ya watu. Hakuna aliyeuliza zaidi. Kamati ya mfongo ikakaa, ikaamua kuziba mlango wa maji unaoingia kwake kwa mawe na udongo wa mfinyanzi, na ikamwambia akibishana mbele ya watu atatolewa kwenye mfongo moja kwa moja. Mama yule hakubishana. Aliniita akaniambia, "Shemeji, mimi nimeshafunga sanduku. Nakwenda kwa binti yangu Dar. Siwezi kuzeeka naitwa mwizi, na siwezi kufuga ng'ombe kwa maji ya kubeba kichwani." Nyumba ya kaka yangu ingefungwa kufuli. Kaburi lake lingebaki na nani pale kihambani? Ndugu zangu, nilikosa usingizi.

Ndipo nikamwendea yule daktari wa mito. Hakuniuliza nani mwenye makosa. Alikwenda kihambani kwa shemeji, akachuchumaa, akaingiza mkono chini ya majani makavu aliyotandika mama yule kwenye kila shina, akaunyoosha mkono kwangu. "Shika." Udongo ulikuwa wa baridi, umeshikana. Mama alikuwa hatupi hata maji ya kuoshea vyombo, yote yanakwenda chini ya matandazo yale. Halafu akachukua ndoo na saa, akapima maji kwenye chemchemi yenyewe, akapima mbele ya mlango wa shemeji, akapima baada yake. Akarudia siku nyingine, na nyingine, watu wakimpigia miluzi. "Daktari, umepata ndoo ngapi za hukumu?" Anatazama saa, anajaza ndoo tena.

Kamati ilipokaa tena alikaribishwa kusema. Mwenyekiti alimwonya kwanza. "Tunajua wewe ni mtoto wa tambarare. Kama umetumwa na watu wa miwa kuja kutunyang'anya haya yaliyobaki, sema mapema tukusindikize." Akajibu kwa sauti ile yake ya chini, "Mzee, hapa hakuna cha kunyang'anya. Maji yanayofika kwa mama huyu na yanayopita kwake ni yale yale. Hachukui kitu hata kwa siri: mmemziba, na huko chini bado hayafiki. Yanapungua kabla hayajaingia kwenye mfongo."

"Yanakwenda wapi basi?"

"Yanakwenda juu."

Watu wakaangua kicheko. Yeye akaelekeza kidole kwenye mikaratusi.

Hapa lazima niwaeleze wasiotujua. Zamani tuliambiwa tupande miti kulinda vyanzo vya maji. Tukatii, ila tulitii kwa namna yetu wenyewe. Kanisani kwetu kila kundi la watoto waliopata kipaimara lilipelekwa chemchemi kupanda, kila mtoto mti wake, kwa maombi na nyimbo. Na tulichagua mkaratusi kwa sababu unakua upesi, mtoto akifikia kuoa mti wake umeshapita paa la kanisa. Tuliona fahari. Mtu akija kutoka mjini wakati wa Krismasi anapanda kuutembelea mti wake kama anavyomtembelea shangazi. Kumbe mti ule unakunywa, ndugu zangu, unakunywa kama mtu aliyetoka jangwani, na sisi tulikuwa tumeuzungushia chemchemi kama wageni tuliowakalisha kwenye pipa la mbege, pombe yetu ya ndizi. Tuliupanda kwa mikono yetu, tena tukiwa tumevaa nguo za Jumapili.

Mzee mmoja wa kanisa alisimama. "Unatuambia tukate kipaimara cha watoto wetu?" Kila mmoja pale alikuwa na mti. Daktari hakusema neno. Ningekuwa mimi ningejitetea, ningetaja masomo yangu, ningetaja vitabu. Yeye alitazama chini tu. Aliyesimama akawa shemeji yangu, ambaye hata ruhusa ya kusema hakuwa amepewa. Mti mkubwa kuliko yote pale chemchemini ulikuwa wa mwanawe wa pekee wa kiume, aliyekufa kijana.

"Mwanangu hayumo ndani ya mti," alisema. "Nilimzika mwenyewe nyuma ya nyumba, kando ya baba yake. Leteni shoka. Muanze na wake."

Tulianza na wake. Sitawadanganya kwamba maji yaliruka siku ile kama kwenye hadithi. Masika ya kwanza yalipita, kiangazi kikaja, na mfongo ukawa mkavu vile vile. Hapo matusi yakahamia kwa daktari. "Ametumalizia miti bure." Na shemeji mlango wake bado umezibwa, sanduku lake bado limefungwa, ananiambia atasubiri mvua moja tu. Tena visiki vya mkaratusi vina kiburi. Ukikata unachipua mara kumi. Mama yule alikuwa akipanda hadi chemchemini kila asubuhi baada ya kukamua, anavunja machipukizi kwa mkono, anamwagilia miche ya mikuyu na miringaringa iliyopandwa badala yake, anamwagilia kwa maji ya kubeba kichwani, yeye aliyeitwa mwizi wa maji. Daktari alikuwa akipiga simu kutoka Moshi mjini. Nikimuuliza lini, ananijibu, "Mzee, ardhi inajaza kwanza madeni yake yenyewe." Sikumwelewa, ila nilipenda alivyosema bila kuniahidi.

Mwaka uliofuata, kiangazi katikati, vumbi kila mahali, nilikuwa napita na mzigo wa majani nikasikia kitu upande wa mfongo. Nilisimama. Nikatua mzigo. Yalikuwa maji, si mengi, lakini yanatembea, yanasukuma majani makavu mbele yake kama mtu anayefagia uwanja. Nilikaa nikacheka peke yangu, mwanamke mmoja akapita akaniuliza kama nimelewa mapema hivyo. Ule mzigo niliokuwa nao kifuani tangu siku ya sanduku, niliutua pale pale pamoja na wa majani.

Nimewaza sana wiki hii. Watoto wetu wakija likizo wanauliza mbona mto umekuwa mdogo, na sisi tunawajibu mvua siku hizi hazieleweki, au tunamtaja jirani. Mvua na jirani hawajitetei. Ni kazi kubwa zaidi kuuliza mikono yetu wenyewe imefanya nini, hasa kama ilifanya jambo jema kwa nia njema na nyimbo juu. Marehemu yule alitufundisha hilo bila kutuhubiria: kabla ya kumwita mtu mwizi, nenda kapime. Na ukishapima, nyamaza uwape watu nafasi ya kuona aibu kwa utaratibu.

Aibu yetu tuliifanya kwa mila. Kamati nzima ilikwenda kwa shemeji na jani la isale, lile ambalo kwetu ukiletewa na mtu anayeomba msamaha huna ruhusa ya kukataa. Mwenyekiti alilishika kwa mikono miwili, akashindwa kumaliza sentensi. Mama akalipokea. "Nimesikia," alisema, "ila mawe mtayatoa nyinyi wenyewe, mimi mgongo unauma." Watu wakacheka, mbege ikamiminwa, na wazee wale wale walioziba wakapiga magoti kwenye tope kuzibua. Daktari alikuwa amefika siku hiyo kupima maji yake, tukamkalisha kwenye kiti cha wageni, akanywa kikombe kimoja. Shemeji alipewa zamu ya kwanza. Alishika jembe, akakata udongo uliobaki, na maji yakageuka, yakaingia kihambani kwake, yakapita kwenye shina la kwanza, la pili, yakaelekea nyuma ya nyumba. Sote tuliinama kuyatazama, hakuna aliyekuwa na habari na mgeni. Tulipogeuka kumjazia kikombe, kiti kilikuwa kitupu. Nilimwona mbali kwenye njia ya kushukia mjini, ndoo mkononi, suruali bado imekunjwa, anatembea bila haraka. Nilimwita mara moja. Aliinua mkono bila kugeuka, akakata kona, na hakurudi tena.