Pini ya Pezi la Tatu

Ukimweleza mtu kazi ya Mama Nyundo, atacheka. Kwa miaka ishirini na miwili mama huyu alilipwa kugonga roketi. Anabandika vihisi vidogo kwenye bati, anashika kinyundo chenye kichwa cha mpira, anagonga mara moja, ko! Kisha anatazama kwenye skrini bati limetikisika mara ngapi kwa sekunde. Basi. Watu wa ofisini walimtania kwamba hata mtoto mdogo angeiweza kazi hiyo, naye aliwajibu kwamba mtoto mdogo angegonga mara mbili.

Lakini roketi yenyewe haikuwa ya kurushwa na kusahauliwa. Ilipanda, ikarudi, ikatua wima kwenye sakafu ya zege, ikaoshwa, ikakaguliwa, ikapanda tena. Ilikuwa imefanya hivyo mara sita. Wakati wa kushuka iliongozwa na mapezi manne yaliyofungwa karibu na kichwa chake, na upepo wa huko juu hauna masihara. Upepo hulitikisa pezi, pezi huutikisa mwili mzima, na kompyuta ya usukani ikiuhisi mtikisiko huo inaweza kudhani roketi imepotea njia. Hapo hulisukuma pezi ili kurekebisha kosa ambalo halipo, na mtikisiko unazidi. Inasukuma tena, unazidi tena. Ni kama mtu aliyejitwika beseni la maji. Maji yakiyumba naye akaanza kuyumba nayo, yote yanamwagika. Ndiyo maana kompyuta huambiwa mapema kwamba mtikisiko wa kasi fulani ni wa pezi lenyewe, usiuguse. Kasi hiyo ndiyo namba aliyoitafuta Mama Nyundo kwa kinyundo chake.

Aliyeipokea namba na kuiingiza kwenye kompyuta alikuwa mhandisi wa usukani, na mhandisi huyo alikuwa binti yake wa pekee. Sheria ilisema mhandisi lazima asimame pale pale wakati wa kugonga, aone kwa macho yake, ndipo asaini kuwa ameshuhudia. Wiki mbili nyuma, baada ya pezi la tatu kurudi kutoka karakana lilikobandikwa bati jipya, binti alikuwa hajapata usingizi wa maana kwa siku tatu. Mama akamwambia, "Wewe lala, mwanangu. Mimi nitagonga." Binti akalala. Kesho yake akasaini.

Asubuhi ya kurusha, saa tatu na nusu, Mama Nyundo alikuwa chumba cha vifaa akipanga vihisi kwenye sanduku. Roketi ingeanza kujazwa mafuta saa nne na kuondoka saa tano. Akaingia fundi wa uwanjani, jamaa mrefu waliyemwita Mlingoti, akamwaga mezani pini nne za chuma. Pini hizo hufunga mapezi yasicheze roketi inapobebwa, na kila moja huwa na utepe mwekundu ili isisahaulike.

"Zote nne hizo hapo, Mama," alisema. "Hii ya pezi la tatu imenitoa jasho. Haina utepe, halafu ilikuwa imezama mpaka kichwa. Haijaguswa tangu karakana."

"Tangu karakana?"

"Rangi ya karakana ilikuwa imeganda juu yake. Nimeibandua mimi leo."

Mlingoti akaenda zake akipiga mluzi. Mama Nyundo aliiokota ile pini. Siku ile ya kugonga alichomoa pini tatu akazitundika ukutani, akazirudisha alipomaliza. Kwenye pezi la tatu hakuona utepe, akadhani pini ilikwisha kuchomolewa karakana. Alihesabu tepe. Mtu mwenye miaka ishirini na miwili kazini, na alihesabu tepe! Pezi aliligonga likiwa limefungwa, limekazwa, na pezi lililokazwa hutikisika haraka kuliko pezi huru. Namba aliyompa binti yake ilikuwa ya pezi lingine kabisa.

Akapiga simu.

"Usukani," binti aliitikia.

"Ni mimi. Pezi la tatu nililigonga pini ikiwa ndani."

Mama alisikia kiti kikisogea upande wa pili.

"Una hakika?"

"Ninayo mkononi. Kwenye kompyuta uliingiza ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Likiwa huru haliwezi kufika kumi na tisa. Nasimamisha."

"Mama, ngoja." Binti alishusha sauti. "Ukisimamisha wataitisha karatasi, na saini yangu ipo. Sema habari ya pini tu. Usiseme sikuwepo. Nakuomba."

Saa ya ukutani ilionyesha dakika kumi na nane kabla ya saa nne. Mama Nyundo alikuwa na hasira, na hasira yote ilikuwa juu yake mwenyewe, maana ni nani aliyemwambia mtoto alale? Akakata simu bila kujibu, akainua ile ya ukutani inayosikika kwenye vipokea sauti vya chumba kizima cha kurushia.

"Simamisha," alisema. "Fundi wa mitikisiko hapa. Namba ya pezi la tatu si sahihi. Nilipima pini ikiwa ndani."

"Tumesimama," alijibu mkuu wa urushaji, mtu asiyejua kupandisha sauti. "Nani alishuhudia kipimo?"

Hakuwahi kuandika namba ya uongo maishani mwake, hata moja.

"Mhandisi wa usukani," alisema. "Alikuwepo. Tulikosea wote wawili."

Kisha sauti ya binti yake ikaingia, nyembamba.

"Sikuwepo, mkuu. Nilikuwa nyumbani nimelala. Nilisaini kesho yake."

Mchana ule roketi ilishushwa, pezi la tatu likagongwa upya na fundi mwingine mbele ya mhandisi mwingine. Namba ikatoka kumi na nne. Kompyuta ilikuwa imeambiwa kupuuza kumi na tisa. Ile kumi na nne ingeishughulikia kwa nguvu zake zote. Mkuu aliisoma ile karatasi ya saini, kisha akawataka mama na binti wakabidhi vitambulisho vyao mpaka uchunguzi uishe.

Walitoka getini pamoja, wakakaa kwenye ukingo wa barabara kungojea gari, viatu vyao vya kazi bado miguuni. Mama alitaka kuomba radhi kwa ule uongo, akakosa pa kuanzia.

"Kama ningekuja siku ile," binti aliuliza, "ningeiona hiyo pini?"

Mama Nyundo angeweza kusema hapana. Tundu lilikuwa na giza, na utepe haukuwepo. Mtu yeyote angepitwa. Lakini alimjua mwanawe tangu utotoni, anayehesabu vijiko kabla ya kula; angeuliza pini ya nne iko wapi.

"Ungeiona," alisema.

Binti akaitikia kwa kichwa, akajifuta macho kwa mkono wa shati, na gari likaja.