Taa ya Uani na Kengele ya Ng'ombe

Jumamosi tarehe 12 Septemba 2009, Tukuswiga, binti aliyezaliwa na kukulia Tunduma, alifunga ndoa na Wilbard Mbonile katika kanisa la Moravian huko Itumba, wilayani Ileje. Sasa ni mwaka 2014, na tangu siku ile hajawahi kumtazama baba mkwe wake usoni, ingawa wanaishi ua mmoja, katika kijiji cha mlimani wilayani humo.

Hakuna ugomvi kati yao. Katika ukoo wa Mbonile, kama katika koo nyingine za Wandali wanaoshika mila, mkamwana hamtazami baba wa mumewe, hamwiti jina lake, wala hapiti karibu naye. Wakikutana njiani, yeye huingia majanini, hugeuka na kujifunika khanga mpaka mzee apite. Majirani wengi wamelegeza desturi hiyo. Mzee Amoni Mbonile, mkulima wa kahawa na mgane, hakuilegeza. Tukuswiga, aliyekulia kati ya malori na wabadilisha fedha, mahali ambapo watu hupigana vikumbo siku nzima, alilazimika kujifunza kuishi kwa masikio. Alikijua kikohozi cha mzee, mburuzo wa viatu vyake vya matairi na mlio wa bawaba za mlango wake.

Nyumba zao mbili zinatazamana. Wilbard hufanya kazi katika ghala la mahindi Tunduma na hurudi kila mwisho wa mwezi. Mwaka 2011 alipanda mlima na paneli ya sola ya wati hamsini, betri, inveta ndogo ya kugeuza umeme wa betri uweze kuendesha mashine, na kile kidude cha kuongoza chaji ambacho mafundi hukiita kontrola. Heshima ilitaka mtambo ukae kwa baba. Paneli ikafungwa juu ya bati lake, betri ikawekwa chini ya meza chumbani kwake, na waya mmoja ukavushwa uani hadi kwa Tukuswiga. Katikati ya ua Wilbard alisimamisha mlingoti wenye taa. Swichi ya taa hiyo aliiweka ukutani kwa mzee.

Tukuswiga alikuwa na mashine ya kunyolea. Aliijua kazi hiyo tangu usichana, kwenye kibanda cha shangazi yake karibu na mpaka, ambako walinyoa madereva na kuchaji simu zao kwa betri ya gari kila umeme ulipokatika. Hapo ndipo alipoona betri zinavyokufa. Shangazi alizoea kuzikamua mpaka tone la mwisho, na kila iliyokamuliwa hivyo haikurudi tena na nguvu zake.

Alipoanza kunyoa kijijini, wanaume, wasiozoea kunyolewa na mwanamke, walikaa pembeni kwanza na kuangaliana. Wa kwanza kukaa kigodani alikuwa Rubeni, mwashi, mtu wa maneno mengi.

"Shemeji, usinikate sikio. Ninalo moja tu linalomsikia mke wangu."

"Basi hilo nalikata, upumzike. Inamisha kichwa."

Tangu siku hiyo kigoda chini ya upenu wake hakikukaa bure. Wilbard alifurahi, lakini alikuwa ameshasema neno lake tangu mwanzo: kazi ikimweka mkewe mlimani, akae, isipomweka, atashuka Tunduma waishi pamoja, na mzee atapelekwa kwa dada yake huko Chitete. Tukuswiga alijua maana ya hilo. Chitete ni bondeni, kwenye joto. Mzee angeacha mibuni yake na kaburi la mkewe lililo nyuma ya nyumba, akakae kwenye kiti cha mtu mwingine.

Mwanzoni mwa 2013, mashine ilianza kuchoka. Asubuhi moja ya Februari ilinguruma, ikalegea, ikazima juu ya kichwa cha Rubeni. Upande mmoja ulikuwa safi, upande wa pili msitu.

"Endelea," alisema Rubeni.

"Umeme umekwisha."

"Sasa niende kanisani nikiwa watu wawili, mimi na kaka yangu?"

Alikwenda na kofia, na mzee wa kanisa akamwamuru aivue. Kufikia Jumatatu kijiji kizima kilikuwa kimecheka, na Wilbard akapata habari hizo kwa simu huko Tunduma. Yeye hakucheka. Alimwambia mkewe kwamba mwisho wa Machi, kama hali ni hiyo hiyo, atakuja na gari la kubeba vitu.

Tukuswiga hakuhitaji fundi kumwambia ugonjwa. Ile taa ya uani iliwaka tangu jua linapozama mpaka linapochomoza. Katika miezi ya mvua na ukungu, paneli iliingiza kidogo mchana, na taa ikala chote usiku. Kila alfajiri betri iliamka ikiwa tupu. Tatizo lilikuwa jinsi ya kumwambia mzee. Mkamwana hana ruhusa ya kusema na baba mkwe. Ana ruhusa ya kusema na vitu, na baba mkwe ana ruhusa ya kusikia. Hivyo alikaa na kinu chake uani, akatwanga na kusema kwa sauti:

"Wewe kinu, betri ni kama ng'ombe wa maziwa. Ukimkamua mpaka damu, kesho hana kitu. Mwenye taa angeizima akilala, tungepona."

Nyuma ya ukuta mzee alimsikia. Kisha akamgeukia mbwa wake, aitwaye Kaptura kwa sababu miguu yake ya nyuma ni myeupe kama aliyevaa kaptura.

"Kaptura, waambie taa haizimwi."

Jibu hilo lilimuuma Tukuswiga. Alijaribu tena siku ya pili na ya tatu, akapewa lile lile. Alianza kukunja nguo zake moja moja na kuzipanga sandukuni.

Frida, binti wa kaka mkubwa wa mzee, alimkuta katika kazi hiyo. Yeye ni damu ya nyumba, kwa hiyo huingia kwa mzee bila kujifunika.

"Wifi, unahama bila kuniaga?"

"Nahamishwa na taa. Nimesema mpaka kinu kimenichoka."

"Wewe unaongea na kinu, yeye anaongea na mbwa. Binadamu wa ua huu ni mimi peke yangu?" Frida alivuka ua, akasimama mlangoni kwa mzee na kupaza sauti ili wote wasikie. "Baba mdogo, taa hii unamulikia nani usiku kucha? Wezi?"

Mzee Amoni alijibu kutoka chumbani. Tukuswiga alikuwa amesimama nyuma ya mlango wake mwenyewe, khanga mkononi.

"Uzee umenipa kibofu kibaya, mwanangu. Natoka mara kwa mara. Na yeye, mke wa Wilbard, hutoka kabla hakujapambazuka kwenda kisimani. Mama yake Wilbard alikuwa akinitangulia na kukohoa, mtu anajua tunapita. Sasa nani atakohoa? Nikizima taa, siku moja nitamgonga mtoto wa watu gizani. Watu watasema hana adabu. Aibu hiyo ataibeba yeye, si mimi."

Tukuswiga alikaa chini, juu ya sanduku. Miaka miwili alikuwa ameidhani taa ile ni ukaidi wa mzee. Ilikuwa kikohozi cha mama mkwe.

Kesho yake, kinu kilipewa maneno mengine. Kiliulizwa kama kile kikengele cha ng'ombe bado kinaning'inia kwenye banda la kahawa. Kilikuwepo. Ng'ombe wa mzee walikwenda Tunduma kwa wazazi wa Tukuswiga, kwa mahari yake, na kengele ikabaki. Mtu akitembea nayo, kinu kiliambiwa, anasikika hata gizani, na kengele haili betri.

Jioni hiyo taa ya uani ilizimwa, na baadaye kidogo ikasikika kengele ikivuka ua taratibu, imefungwa kwenye fimbo ya mzee.

"Baba mdogo, umekuwa fahali," Frida alimtania asubuhi.

"Fahali mzee ni bora asikike, asije akamkanyaga mtu."

Kuanzia hapo mzee alijipa kazi. Kontrola iko chumbani kwake, mahali ambapo mkamwana hawezi kuingia, kwa hiyo yeye ndiye husoma rangi ya kitaa chake. Kila asubuhi, akishapangusa paneli kwa kitambaa kilichofungwa kwenye mti mrefu, humtangazia mbwa. "Kaptura, kijani," naye Tukuswiga huweka kigoda nje. "Kaptura, nyekundu," naye huwaambia wateja waje kesho. Hunyoa jua likiwa juu, huchaji simu za watu mchana, na jioni balbu moja tu huwaka katika kila nyumba. Redio ya mzee nayo hulala mapema. Huo ndio mchango alioutoa bila kuombwa, ingawa anapenda taarifa ya habari.

Betri haikurudi kuwa mpya. Ilipona kiasi cha kutosha. Wilbard alipofika mwisho wa Machi, Rubeni alikuwa kigodani, kichwa kizima kimenyolewa kwa ajili ya Pasaka. Gari la kubeba vitu lilikuwa limeachwa Tunduma, kwa kuwa habari za kengele zilikuwa zimemfikia kwa simu.

Limebaki jambo moja. Aliyekuwa akimnyoa mzee, kwa mkasi, ni marehemu mkewe, na tangu afariki nywele zake nyeupe zimeachwa ziote. Wiki iliyopita Mzee Amoni alimwambia mbwa kwamba kichwa kimekuwa kizito, na kwamba angependa mwanawe akija aikute mashine ina nguvu. Upande wa pili wa ua, kinu kiliambiwa kwamba Wilbard hajui kunyoa, ila ataelekezwa.

Wilbard anapanda mlima Jumamosi hii. Kontrola ikisoma kijani, Mzee Amoni atakaa kigodani saa sita mchana, Wilbard atashika mashine, na Tukuswiga atakuwa nyuma ya mlango wake, akifuata mlio wa mashine kwa masikio na kukiambia kinu mkono uende wapi.