Msasa wa Mzee Evaristi

"Mama Mariana, umesikia? Mzee Evaristi kaua gari jipya la Mwinjuma! Kalifungua mwenyewe, hata hakuambiwa."

Aliyenipa habari ni Kristiana, jirani yangu hapa Chanji, tukiwa bombani. Nilijitwika ndoo nikaondoka. Mimi nauza uji na vitumbua mbele ya gereji ya huyo mzee, na siku ile nilikuwepo.

Mzee Evaristi ana miaka thelathini na nane katika ufundi wa magari. Landrova ya kwanza ya Mwinjuma, iliyokuwa ikishuka bondeni Kaoze kubeba mpunga, ameishusha injini mara tatu na mara zote ilipanda mlima tena. Huweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, akasikiliza. "Hiyo vali." Gari likigoma kuwaka kwa baridi, hufungua platini, vile vyuma viwili vidogo vinavyotoa cheche, akavisugua kwa msasa. Linawaka. Hata mwanangu akikohoa mgongoni kwangu, mzee huacha kazi kwanza asikilize. "Hicho kikohozi hakina mluzi, mama. Mfunike tu."

Mwinjuma alipoleta gari jipya, taa ya njano inawaka kwenye dashibodi, mzee alirudi nyuma.

"Hili siliwezi, tajiri. La zamani likiumwa linakwambia. Hili linawasha taa, limenuna, basi. Lipeleke Mbeya likapimwe kwa kompyuta."

Mwinjuma alicheka. "Fundi wangu tangu nina nywele, leo unaogopa kijitaa? Sugua kama unavyosugua platini. Likiharibika juu yangu."

"Juu yako?"

"Juu yangu. Shahidi huyu mama hapa." Akaninyooshea kidole, kitumbua changu kiko mdomoni mwake.

Mzee akachomoa kidude chembamba chenye waya, akakisugua taratibu kwa msasa, akakirudisha. Gari halikuwaka tena. Lilipelekwa Mbeya limebebwa, na Mwinjuma aliporudi akaanza kusema dukani kwake kwamba mzee alilifungua bila ruhusa. Wateja wakaacha kuja. Juzi akaagiza hata ile Landrova ya zamani iondolewe gereji. Hakuja mwenyewe. Alimtuma dereva wake, na dereva wake ni Leonsi, mume wangu. Leonsi aliivuta bila kumtazama mzee usoni.

Leo asubuhi mzee amekuja kwenye benchi langu. Hakuagiza uji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Alimgusa Mariana mguu. "Ijumaa akitoka msikitini, Mwinjuma hukaa barazani na wenzake. Najua mumeo anakula kwake. Lakini twende wote, mama. Useme alichosema Mwinjuma siku ile. Hicho tu, usiniongezee hata neno."