Upanga Alioulainisha Shemeji

Darasa la sita sikumaliza, na leo nina karakana Fort Worth yenye matanuri matatu. Vali za shaba ninazosubu, yaani ninazomimina shaba iliyoyeyuka kwenye kalibu, zinauzwa mpaka Houston. Kwa hiyo mtu asinifundishe moto.

Siku hiyo tulikuwa mji wa Katy, jirani na Houston, kwa kaka wa mke wangu, injinia wa ofisini. Kwenye televisheni wakaonyesha upanga wa bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, uliofukuliwa kaburini baada ya maelfu ya miaka. Makali bado yapo! Shemeji akaanza kutuhutubia: waliuchoma ukawa mwekundu, wakautumbukiza majini, ndiyo ukawa mgumu.

"Hicho ni chuma, shemeji," nikasema. "Bronzi unaigonga ikiwa baridi."

"Wewe kaa na jua kali yako. Hii ni sayansi."

Mama mkwe akacheka. Mke wangu alifunika mdomo, lakini mabega yalimtikisika. Miaka yote hii ya jasho, na mbele ya mke wangu nikawa tena fundi wa sufuria. Nikaapa nitamvua nguo shemeji mbele ya macho yaleyale.

Nilisubu panga mbili kwa kalibu moja, shaba sehemu tisa, bati moja. Zote nikazigonga makali zikiwa baridi, polepole, hadi nyundo ikaanza kudunda kwa ugumu wake. Ngumu sawasawa; sikumwonea. Kisha nikawaalika wote karakanani, mbuzi mzima wa kuchoma.

"Shemeji, huu wako. Ufanyie ile sayansi."

Angekataaje, mama yake anamtazama? Akauchoma ukawa mwekundu, akauzamisha kwenye ndoo, akatabasamu. Nikamwekea paja la mbuzi. Alipopiga mfupa, upanga ukajikunja kama kijiko cha bei rahisi. Moto wake ulikuwa umeondoa ugumu wote wa nyundo yangu. Nikachukua wangu. Pigo moja tu, paja vipande viwili.

"Mwanangu," mama mkwe akauliza, "si ulisema umesomea?"

Hata watoto wa shemeji walicheka. Mke wangu akaninong'oneza, "Baba watoto, inatosha."

Haikunitosha. Shemeji alikuwa amejifungia chooni, eti ananawa. Nikajaza sahani nyama, nikapanga mifupa juu, nikampelekea mwenyewe. Nikabisha mlango kwa kiwiko.

"Toka ule, injinia," nikasema, kwa sauti ya kufika hadi uani. "Nimeshakukatia."