Shoka Uani

Wiki jana mvua ya mawe ilinikuta Ngara, nikajibanza kwenye kibaraza cha duka la vitambaa. Kelele za mabati zilinirudisha Riruta, kwenye ploti yetu, Jumamosi moja ya mvua za masika.

Baba alikuwa akijenga banda la kuku. Kila alipopigilia misumari mitatu, mvua ilimfukuza ndani. Kabla hajamaliza chai, jua lilimwita tena. Mbao mbichi zilinukia uani kote. Mama alikuwa ameatika miche ya sukuma wiki asubuhi ile, nayo ilikuwa bado imelala.

Ghafla mawe yakaanza kuanguka. Mama akanyakua shoka la Baba, akalirusha uani kwa nguvu zake zote.

Mimi nikadhani wamegombana. Nikachomoka mbio, mawe yakinigonga kisogoni, nikaliokota shoka na kumrudishia Baba.

"Baba, msamehe," nikamwambia.

Mawe yakazidi.

"Uui! Nekesa ametoa shoka!" Mama akapiga kelele, akininyooshea kidole. "Kwetu hiyo ndiyo inakata mvua ya mawe!"

Baba alicheka mpaka akamwaga chai. Akaniambia nilirushe mwenyewe. Nikalirusha, na mawe yakakoma. Nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Sasa najua mvua ya mawe haikawii kuisha, kwa shoka au bila shoka. Lakini juzi ilipoanza kupiga sukuma zangu nyumbani, nilichungulia kwanza kama majirani wananiona, kisha nikarusha kisu cha mkate nje.

Ikakoma.