Niliongeza Duka la Tatu kwenye Orodha ya Mwizi

Shilingi laki mbili na elfu arobaini, akaunti ya benki iliyofungwa, na ujirani wa miaka ishirini na sita. Hiyo ndiyo bei ya mdomo wangu. Nimeijumlisha mara mbili, haikupungua hata senti.

Nimekosa. Nasema mapema ili usije ukanionea huruma, ukafika katikati ukaidai huruma yako irudi. Niliibiwa kweli, lakini mkosa ni mie.

Ni muuza khanga, hapa hapa Tanga mjini. Biashara nimeisomea miaka ya foleni, sabuni ikipatikana kwa kujuana, khanga unaivukisha mpaka wa Horohoro umejizungushia kiunoni doti sita mpaka unatembea kama mja mzito wa mapacha. Askari akitaka mia, unamwambia ishirini. Mnaapizana, mnakutana arobaini. Ruhusa ilipotoka kila mtu auze atakacho, wenzangu walibadilika. Mie sikubadilisha kitu. Taja kubwa, ushushwe, mkutane pale ulipopataka tangu mwanzo. Ndiyo elimu yangu yote.

Kisha kiwanda alichofanyia kazi mume wangu kikauzwa, naye akarudishwa nyumbani na bahasha ya kiinua mgongo. Bahasha ile tukaiweka katika moja ya mabenki mapya, kwa jina langu, maana mume wangu hela humponyoka kama kambale. Nikapewa kadi.

Maduka yenye mashine ya kadi hapa mjini ulikuwa unayahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Namba ya siri hawakuuliza. Kadi inapitishwa, kikaratasi kinatoka, unasaini, unatoka kama mtalii.

Ijumaa moja asubuhi nikaingia duka la vyombo la Bwana Shabiri, kununua vitu vya harusi ya binti yangu. Mwenyewe hakuwepo. Kwenye kaunta alikuwa Zaina, mwanamke wa miaka ishirini na sita, mtoto wa jirani yangu Bi Mwanakombo. Mumewe alimwacha na mtoto, na kazi ile ndiyo iliyokuwa ikiwalisha wote watatu, yeye, mtoto na mama yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hizi sufuria na chupa mbili za chai, jumla?"

"Tisini na tisa elfu, mama."

"Elfu tisini na tisa, zina dhahabu ndani? Nipunguzie."

Tukavutana robo saa. Maskini, akanipunguzia mia tano kwa idhini yake mwenyewe. Nikasaini tisini na nane elfu na mia tano, nikabeba vyombo vyangu.

Mchana nikaenda Pangani kuhani, upande wa pili wa mto. Wakati wa kurudi, kwenye pantoni, watu walisukumana kama wanagawiwa ubwabwa. Niliposhuka, pochi haipo! Kadi haipo, vitambulisho havipo, hata nauli ya kurudia haipo. Nikarudi ng'ambo, nikakopa kwa mfiwa. Ndiyo, kwa mfiwa.

Jumamosi nilikwama Pangani, basi limeharibika. Jumapili benki imefungwa. Jumatatu nikawa wa kwanza mlangoni.

Bwana mmoja mwenye tai akanisomea yaliyopita kwenye kadi. Ijumaa, duka la vyombo, tisini na nane elfu na mia tano. Jumamosi, sheli, elfu themanini na sita. Jumamosi hiyo hiyo, duka la simu, laki moja na hamsini na nne elfu.

"Mama, zipi si zako?"

Hapo ndipo shetani aliponikuta, na hakuhangaika sana, alinikuta nimeshakaa tayari.

Nilijua za mwizi ni mbili. Lakini nikasema moyoni, hawa nikiwaambia mbili watanipa moja. Nitaje tatu, waipinge moja, tukutane mbili. Haki yangu kamili, wala sizidishi.

"Zote tatu!" nikasema, na nikapiga meza.

Nikangoja anishushe. Nikangoja aseme, ah mama, tatu nyingi. Yule bwana akaandika tu.

Hakubishana! Jamani, hakuna mnunuzi anayetisha kama mtu asiyebishana. Unabaki na bei yako mkononi, hujui uiweke wapi.

"Pochi iliibwa saa ngapi?"

Ukweli ni saa tisa alasiri. Nikasema, "Saa mbili asubuhi." Akagonga muhuri, nikasaini. Siku chache baadaye zote tatu zikarudi kwenye akaunti, laki tatu na thelathini na nane elfu na mia tano. Ati zimerudishwa kwa muda, uchunguzi unaendelea. Sikusikia neno "kwa muda". Masikio yangu yalikuwa yanahesabu.

Nikajiambia benki ndiyo iliyokula hasara. Benki ina kiyoyozi na zulia, itakufa kwa elfu tisini na nane? Sikujua kwamba benki haitoi kwake. Inamkata mwenye duka!

Wiki mbili baadaye Bwana Shabiri akaja kwenye meza yangu sokoni, uso umemvimba, na Zaina nyuma yake.

"Mama, benki imenikata. Wanasema mwizi kanunua kwangu kwa kadi yako. Zaina anasema si mwizi, ni wewe."

Shoga yangu, hapo palikuwa na mlango wa kutokea. Ningesema nimechanganya, nimezeeka, nisamehe, pangekwisha. Lakini wenzangu wa khanga walikuwa wameshasimama kusikiliza, na mie nikishataja bei mbele za watu sishuki.

"Zaina anasema?" nikauliza. "Basi kikaratasi changu kiko wapi? Kilete tukione!"

Bwana Shabiri akakohoa. Vikaratasi vya mwezi ule alikuwa ameshavipeleka Dar kwa mhasibu wake.

Zaina akanisogelea. Hakulia wala hakupandisha sauti. "Mama, si uliomba nikupunguzie, nikakupunguzia mia tano? Mwizi gani anayekaa robo saa kuombea punguzo hela isiyokuwa yake?"

Nusu ya soko ikacheka. Bwana Shabiri mwenyewe akanitazama kwa jicho jingine. Nilikuwa nimenaswa na mia tano yangu mwenyewe!

Ndipo nikapiga kelele. "Ehee! Mmesikia? Leo mie ndiye mwizi wa kadi yangu! Mtoto nimemwona akitambaa, leo ananigeuzia kibao ili afiche aliyemuuzia! Waulize walionunua, si mie!"

"Apa," Bwana Shabiri akasema.

Nikaapa. Wallahi. Sufuria zenyewe zikiwa uvunguni mwa kitanda changu, zimefungwa kwenye gazeti.

Na kama vile kiapo hakitoshi, nikaongeza: "Mkitaka tusome halbadiri kabisa, aliyeiba na aliyemficha mwizi wote wapate malipo yao!" Nilitaka kuwatisha. Zaina akaniambia, "Tusome, mama." Basi.

Alifukuzwa siku ile ile, na mshahara wa mwezi ukazuiliwa kufidia duka. Kufika jioni barabara nzima ilikuwa inamwita Zaina wa Kadi. Alikuwa akipita, wanawake wanashika pochi zao. Nami niliwaona, wala sikusema kitu. Nilikuwa nakunja khanga.

Wiki iliyofuata Bi Mwanakombo akabisha hodi kwangu. Yeye ndiye aliyelala chini na mie hospitali nilipojifungua mtoto wa mwisho.

"Nimezungumza na mwalimu," akasema. "Kisomo cha halbadiri ni Alhamisi. Kila mwenye nia njema na mwanangu anachangia ubani na sukari. Elfu mbili."

Nikamtazama. Mwenzangu, mie nachangishwa pesa ya kusomewa mie mwenyewe! Na unajua nilisema nini?

"Elfu mbili nyingi, Bi Mwanakombo. Chukua elfu na mia tano."

Akazichukua. Akasema ahsante.

Sikulala, nakwambia. Lakini usinidhanie mwema, sikwenda kuungama. Nilikaa nikihesabu siku zilizobaki kabla ya Alhamisi, na njia za kusafiri kabla haijafika.

Jumatano benki ikaniita. Safari hii si bwana mwenye tai peke yake, yupo na meneja, mama mmoja mnene mpole. Wapole ndio wa kuogopa! Akapanga vikaratasi vitatu mezani.

"Hiki cha sheli. Hiki cha duka la simu. Unaona sahihi?" Mistari miwili mitatu imeparuliwa, kama kuku amekanyaga wino. "Na hiki kimeletwa jana na Bwana Shabiri, kutoka kwa mhasibu wake."

Shule ya serikali mie sikuipata. Nilisoma chuo cha Kurani kwa baba yangu, na mpaka leo sahihi yangu ni ya chuoni, kwa harufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, na mkia mwishoni kama alivyonionyesha baba. Sifikiri nikisaini. Ni kama kupiga chafya.

Meneja akaweka fomu yangu ya malalamiko pembeni ya kikaratasi cha duka la vyombo. Mkia kwa mkia.

"Mama," akasema, "huyu mwizi wako alisoma chuo kimoja na wewe?"

Bwana mwenye tai akageukia dirishani. Mabega yanamtikisika.

Nilijaribu. Nikasema sawa, hiyo moja ni yangu, nilipitiwa, basi toeni hiyo mnibakizie mbili za mwizi. Ile ndiyo bei niliyokuja nayo tangu siku ya kwanza!

"Hapana," akasema meneja. "Umesaini maelezo ya uongo, na saa ya wizi umeibadilisha. Dai lote limefutwa. Akaunti tunaifunga. Shukuru hatukupeleki polisi."

Zote tatu zikatolewa. Laki mbili na arobaini ambazo kweli niliibiwa, ambazo ningelipwa kwa kutaja mbili tu, zikaenda na maji. Bahasha ya miaka ishirini na mbili ya mume wangu kiwandani, nusu yake. Mume wangu hakunipiga wala hakunitukana. Aliuliza tu, "Sasa hesabu zako hizo mara mbili mbili zilikuwa za nini?"

Bwana Shabiri alirudishiwa hela yake, naye akamrudishia Zaina mshahara, akamwambia arudi kazini. Zaina akakataa. Alisema mjini ameshapata jina, na jina halivuliwi kama kanzu. Amehamia Moa kwa shangazi yake, anakaanga samaki. Mtoto kamwacha kwa bibi yake.

Na mimi Bwana Shabiri aliniambia maneno mawili, "Toka dukani." Sikubishana naye.

Jioni ya Alhamisi Bi Mwanakombo alikuja. Kisomo kilikuwa kimevunjwa, Bwana Shabiri ameshamweleza yote. Akaweka elfu moja na mia tano juu ya meza yangu ya khanga, noti na sarafu.

"Hesabu."

Nikahesabu. Mara mbili. Mazoea hayana aibu.

Tangu siku ile haniamkii. Nilimfuata kwake nikampa elfu ishirini za Zaina. Akaniangalia. Nikasema thelathini. Akaendelea kuniangalia. Nilipofika hamsini akasema, "Wewe mwanamke, unanipandishia bei ya mwanangu?" Akanifungia mlango, na mjukuu wake analia ndani akimwita mama yake.

Nilirudi mara ya pili, bila pesa. Nikamuuliza, anataka nini? Akasema: "Uliposema uongo palikuwa na watu. Nenda kasimame pale pale sokoni, kisha mbele ya duka la Bwana Shabiri, saa nne asubuhi watu wamejaa, useme. Zaina akisikia umesema, atarudi."

Nikamwambia nitafanya zaidi ya hapo. Sokoni watasikia watu mia, nitaandika gazetini nisomwe na maelfu, mpaka Moa kwenyewe.

"Utaweka jina lako?"

Nikasema kwenye ukurasa wa ushauri hawaweki jina la mwandishi, ndio utaratibu.

"Lakini mwanangu," akasema, "yeye ulimtaja kwa jina."

Basi nakuonya wewe unayesoma, hasa mwenzangu wa sokoni unayejiona mjanja. Kadi ikiibwa, kimbia siku ile ile, taja kilichoibwa, kama kilivyoibwa, na saa yake. Usiongeze ya kupunguziwa. Kule hawapunguzi, wanaandika! Na ile unayoiongeza haitoki kwenye kuta za benki, inatoka kwenye sahani ya mtu unayemjua. Na kiapo, mwenzangu, kiapo usikitumie kama nyongeza ya kumfurahisha mteja.

Sasa naomba ushauri, na naomba kweli. Mume wangu anasema nisithubutu. Harusi ya binti yetu ni baada ya miezi miwili, wakwe ni watu wa hapa hapa, wakisikia mama wa bibi harusi kasimama sokoni kujitangaza mwongo wa kuapa, watachukua mahari yao waondoke. Na nikinyamaza, Zaina yuko Moa na mtoto wake yuko barabara yetu, namsikia kila jioni.

Nisimame, au nisisimame? Niambieni moja. Ya katikati msiniletee. Nimeshaitafuta mwenyewe, haipo.